Mfupa Wangu Ulipokataa Kuunga

Nakuandikia wewe uliyeambiwa "rudi tena baadaye" mpaka umeanza kuwachukia hata watu wasio na kosa. Nimepita hapo. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mara moja tu, lakini kuunga kwake kulichukua masika na vuli nyingi kuliko nilivyokuwa na subira, na katika muda huo niligombana na karibu kila mtu aliyenitakia mema. Sikuandikii kukufundisha udaktari. Nataka tu ujue kwamba hasira unayoisikia si wazimu, na kwamba inawezekana kupona huku umekasirika.

Ilikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Sisi tulikuwa tunakaa porini, mbali na barabara inayopita Kabuku, kila ukoo na shamba lake. Tukaambiwa tusogee kwenye kijiji kipya karibu na barabara, ambako kutakuwa na shule, zahanati na bomba la maji. Lori lilikuja kiangazi, ardhi imekauka imepasuka. Mume wangu Mhina akapakia milango, magunia ya mahindi, kuku na vyungu. Mama yake, ambaye tulikuwa tunakaa naye, hakutaka kuacha kinu chake. Kilikuwa kinu kikubwa cha mti mgumu, kizito kama ndama. Mhina alimwambia atamchongea kingine tukifika. Mama mkwe akajibu kwamba yeye hawezi kutwanga ndani ya ahadi. Basi kinu kikapandishwa juu ya magunia, nami nikakaa chini yake nimempakata binti yangu Mwajuma, mdogo wa watoto wangu wawili, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Kwenye korongo lori liliinama upande, kinu kikateremka. Nilimsukuma mtoto pembeni, lakini mguu sikuwahi kuutoa. Nilisikia mfupa wa muundi, chini ya goti, ukilia kama kuni kavu.

Unafikiri lori lilinipeleka hospitali moja kwa moja? Dereva alisema kuna familia nyingine zinamsubiri, lazima ashushe mizigo kwanza. Nikalazwa chini katika kiwanja cha kijiji kipya, mguu umefungwa kwenye vipande vya mbao, kuku wakinidonoa punje zilizomwagika kwenye khanga yangu, huku watu wakibishana nani ajenge wapi. Jua lilikuwa linazama tulipoanza safari ya Korogwe.

Hospitali niliyotibiwa sitaitaja. Watu wake wengi walikuwa wema na vitu vyao vingi vilikuwa vimekwisha. Walinyoosha mguu, wakanifunga plasta ngumu kuanzia vidole mpaka juu ya paja, wakaniambia nirudi mvua za vuli zikiisha.

Nikarudi kwenye nyumba isiyo na kuta. Mhina alikuwa ameinua paa tu, miti imesimama bila udongo. Mtu mwenye plasta ndefu hawezi kuchuchumaa, na choo chetu kilikuwa shimo na magogo mawili. Mhina alitengeneza kiti, akakitoboa katikati, akakibeba mpaka chooni, nami nikalia kwa aibu badala ya kumshukuru. Chini ya plasta ngozi ilikuwa inawasha mpaka nilikuwa naota ndoto za kujikuna. Nilitumia spoki ya baiskeli. Sisimizi waliingia, wakatembea humo walivyotaka. Harufu ilipoanza kutoka, Mwajuma akawa ananikimbia, na hilo liliniuma kuliko mfupa wenyewe.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Semkiwa, alikuja kuniuliza nitaanza lini kazi katika shamba la kijiji. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha mguu. Akautazama, akasema kwamba kupukuchua mahindi hakuhitaji mguu. Vuli ile yote nilipukuchua mahindi ya kijiji mpaka vidole vikatoka malengelenge, na kila aliyepita alinipa pole. Kwa siku nilipewa pole nyingi mpaka nikaanza kujifanya nimelala nikisikia hatua za watu.

Mvua zilipoisha tukarudi Korogwe. Plasta ikakatwa kwa msumeno. Mguu uliotoka mle haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba kama mpini, ngozi inabanduka kama magamba, umeota manyoya. Daktari aliuinua kwa kisigino, nao ukapinda katikati ya muundi kana kwamba nimeota goti la pili. Mimi, mama mkwe na nesi sote tuliona.

"Haujaunga," daktari akasema.

Nikafungwa plasta nyingine. Nirudi masika yakiisha.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kunishinda. Bomba tuliloahidiwa lilikuwa limechimbiwa mtaro tu, kwa hiyo maji yalitoka lambo, mwendo wa kuchosha hata kwa mtu mwenye miguu mizima. Mhina ndiye aliyekwenda kuteka. Wenzake walimcheka, wakimuuliza kama sasa ataanza kusuka ukili wa mikeka kama wanawake. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka, kisha akaacha kuongea. Siku moja alitua ndoo mlangoni akasema, "Zaina, nimechoka."

"Na mimi je?" nikamjibu.

Masika yale tuliongea mambo ya watoto na chumvi tu. Ndugu zake walipokuja kututembelea walishusha sauti nilipojikokota kuingia, nami sikuhitaji kuambiwa walichokuwa wanashauri. Mwanamume mwenye mke asiyeweza kuteka maji hushauriwa jambo moja tu.

Mama mkwe naye hakukaa bure. Alimleta fundi wa kuunga mifupa kutoka upande wa Handeni mjini, mzee mwenye sifa kubwa. Kwa kuwa mguu wangu ulikuwa ndani ya plasta, fundi alisema atamtibu kuku badala yangu. Akamvunja kuku mguu, akamfunga vijiti na majani, akatuambia kwamba kuku akitembea nami nitatembea. Kuku alitembea. Muda si mrefu alikuwa anaparua bustani yetu ya mboga ya mchunga, akataga, akaangua. Mimi bado nilikuwa kwenye mkeka, namwangalia. Sijawahi kumchukia mnyama kama nilivyomchukia kuku yule, na mama mkwe alipopendekeza tumwongezee kuku wa pili nilimrushia kata ya maji.

Plasta ya pili nayo ikakatwa. Mguu ukapinda palepale. Safari hii daktari alivuta kiti akakaa, na daktari akivuta kiti ujue habari si nzuri. Alisema ncha za mfupa zimelala, hazijengi tena. Kama hali ni hiyo, huenda njia ya kunirudisha kwenye maisha yangu ni kuukata mguu chini ya goti na kunitafutia wa mti. Lakini kabla ya hapo anionyeshe kwa daktari mkubwa wa mifupa, ambaye alikuwa anapita mara chache kutoka mbali.

Nilikuwa na watoto wawili na jembe. Niwaze nini kuhusu mguu wa mti katika tope la masika? Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshautazama mguu wangu kama mgeni anayeaga.

Daktari wa mifupa tulimsubiri. Mara ya kwanza tulifika tukaambiwa gari lake limeharibika na vipuri hakuna. Mara iliyofuata tukaambiwa alikuja jana, ameshaondoka. Tulikuwa tunafikia Ngombezi, kwa binamu yake Mhina aliyefanya kazi katika kiwanda cha mkonge. Chumba chake kimoja katika kambi za wafanyakazi kilitosha yeye, mkewe na watoto, lakini walituachia kitanda wakalala chini. Harufu ya maji ya mkonge iliingia mpaka kwenye chai. Asubuhi nilipakiwa juu ya baiskeli, mguu umenyooshwa mbele kama bomba la bunduki, mama mkwe akisukuma upande mmoja na binamu upande mwingine.

Benchi la kusubiria nalijua mpaka leo. Lilikuwa limelegea upande wa kulia, kwa hiyo sote tuliteleza polepole kumwelekea aliyekaa mwisho. Karani aliita majina kwa haraka, na langu alilitamka kila mara kwa namna mpya. Waliokuja baada yetu waliingia kabla yetu. Mama mkwe aliuliza, akaambiwa avumilie. Akauliza tena, akaambiwa akae. Alikaa, kisha akatoa viazi vilivyochemshwa akaligawia benchi zima, hata mtu aliyetupita foleni. Nilimkasirikia kwa hilo pia.

Hatimaye daktari wa mifupa alikuja. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye vumbi la safari mabegani. Aliitazama picha ya eksirei dirishani, akaubonyeza mguu, akaninyooshea kidole penye nyonga.

"Mfupa wako umesahau kujijenga," akasema. "Humu nyongani una mfupa laini wenye uboho, nao bado uko hai sana. Nitauchota kidogo, niupande pale palipovunjika. Unalima mhogo? Hupandi mbegu, unakata kipande cha shina. Ni hivyohivyo. Ukishika, mguu utabaki. Usiposhika, tutaukata."

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe aliinuka. Alisogea mpaka mbele ya meza, akakaza khanga kiunoni kama anayekwenda kulima.

"Daktari, chukua wangu," akasema. "Huyu ana watoto wadogo, nyonga anazihitaji. Mimi zangu zimemaliza kazi. Na kinu kilikuwa changu."

Tangu siku ya lori hakuwahi kukitaja kile kinu. Mimi nilikitaja moyoni kila siku, na nilikuwa nimeshaamini kwamba yeye amekisahau.

Daktari alimwambia kwa upole kwamba mfupa wa mtu mwingine mwili mara nyingi huukataa, na kwamba unaotakiwa hapa ni ulio hai, wa mgonjwa mwenyewe. Mama mkwe akanigeukia, akaniuliza kama mtu aliyeonewa, "Hata mfupa wangu hautakiwi?"

Nilitaka kumkasirikia kama kawaida yangu. Nilishindwa. Nilimshika mkono.

Usidhani baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Walimtaka mume wangu akubali kwanza, na mume wangu alikuwa kwetu kijijini, shambani. Alipofika, maji yalikuwa yamekatika hospitali nzima. Maji yaliporudi, pamba na bandeji zilikuwa njiani. Nilikatazwa kula asubuhi, nikalala njaa mpaka mchana, nikaambiwa kesho. Kesho yake ikawa vilevile. Mhina alikaa chini ya dirisha la wodi, na siku nilipoambiwa "kesho" kwa mara nyingine nilimsikia akicheka peke yake huko nje, nami ndani nikaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kabisa, lakini tulicheka pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu kabla ya masika.

Siku ya upasuaji nilipigwa nusukaputi, nikazama. Niliamka mdomo mkavu, nikaugusa mguu, upo. Kisha nikageuka kidogo, na nyonga ikanijibu. Hakuna aliyenionya juu ya nyonga, kwa hiyo nakuonya mimi: pale wanapochota patauma kuliko pale wanapopanda. Niliingia na ugonjwa mahali pamoja nikatoka na maumivu mahali pawili. Kukohoa, kucheka, kugeuka, yote yalipitia nyongani. Nilimwambia nesi kwamba wamenikosea mfupa. Akasema kila mtu husema hivyo.

Kitanda cha jirani alikuwa Mama Veronika wa Ngombezi. Mashine ya kukamua mkonge ilikuwa imemchuna mkono mpaka kwenye kiwiko, nao madaktari walikuwa wamemwambua ngozi ya paja wakaibandika mkononi. Alisema nchi nzima inalia haina vipuri, kumbe sisi tunavyo wenyewe. Kwa mkono wake mmoja mzima alinisugua mgongo kila asubuhi, kwa maana mimi sikuweza kukaa. Alikuwa Mkristo na alisali kwa sauti ya chini, na akimaliza alikuwa ananiuliza kama na mimi nimemaliza yangu, ili tupige soga.

Mama mkwe alilala sakafuni chini ya kitanda changu. Aligombana na manesi kuhusu uji, kuhusu shuka, kuhusu dirisha. Walimfukuza, akarudi kupitia jikoni. Mwishowe walimzoea wakampa ufagio.

Kilichofuata ni kusubiri tena, plasta ya tatu, na sasa hata kusubiri kwenyewe kulikuwa na tope, kwani masika mengine yalikuwa yameingia na barabara ya kwetu haikupitika. Tulipofika Korogwe filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha. Tulirudi Ngombezi, tukangoja. Zilipopatikana, daktari wa mifupa aliishika picha dirishani. Kati ya ncha zile mbili, pale palipokuwa na ufa mweusi, kulikuwa na kitu kama ukungu wa asubuhi, cheupe, hafifu.

"Umeshika," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Mhina aliomba aishike ile picha. Aliitazama mpaka karani akamnyang'anya.

Miaka mingi baadaye Mwajuma, ambaye sasa ni muuguzi, aliniambia kwamba vile vilivyokuwa hai ndani ya uboho wangu vina jina, vinaitwa seli shina, chembe ambazo bado zinaweza kugeuka na kujenga kitu kipya, na kwamba siku hizi huchotwa kwenye uboho, kwenye damu, hata kwenye damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa, kutibia baadhi ya magonjwa ya damu. Nilifurahi kujua. Lakini ameniambia pia kuna watu wanaouza sindano zenye jina hilo wakiahidi kuponya kila kitu, kuanzia magoti ya uzee mpaka upofu. Ukikutana nao, uliza kama nilivyojifunza kuuliza kwa tabu: mnachota wapi, mnapanda wapi, nani mmeshamtibu, na isiposhika mtanifanya nini? Daktari wangu alinijibu swali la mwisho kabla sijauliza. Asiyetaka kulijibu, mwache.

Na mambo mengine madogo. Tafuta mto wa kuweka ubavuni. Mwambie anayekuhudumia kwamba una hasira, kabla hasira haijamwambia yenyewe. Usikatae kiti kilichotobolewa. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, na baridi ya kipupwe ikija ni nyonga inayolalamika, mguu umetulia. Mhina hakuoa mwingine. Sikumuuliza kwa nini, naye hakunieleza. Aliendelea kuteka maji hata nilipoanza kutembea kwa magongo, kisha kwa gongo moja, kisha kwa kushika ukuta ambao sasa ulikuwa umekandikwa udongo.

Siku niliyokwenda lambo mwenyewe ilikuwa asubuhi ya kiangazi. Sikumwambia mtu. Nilichukua ndoo ndogo, nikaenda polepole, nikakutana na wanawake wenzangu njiani, tukasalimiana, nikaona wanajizuia kunitazama chini. Kurudi kulinichukua muda mrefu. Mguu ulinibeba, ila ndoo iliyumba kichwani, na maji mengi yaliishia mgongoni mwangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani. Tangu tulipohama, yeye aliyekuwa akinikaripia kwa kila kitu, hakuwahi kunikaripia hata mara moja. Alikuwa anaongea nami kama anayeongea na mtu wa msibani. Sasa aliiangalia ndoo, akaniangalia usoni, mguu hakuutazama kabisa.

"Jua lote hili, unaleta nusu ndoo?" akasema. "Na watoto hawajanywa uji."

Nikaitua ndoo, nikaenda kuwasha moto, nimegeuka upande ili asinione ninavyotabasamu.